Kuifundisha Simu Kusoma Saa

Jirani yetu mmoja hapa Tanga, bibi aliyekwisha kuvuka miaka sabini na mwenye kuheshimu miadi kama walivyokuwa watu wa rika lake, alipokea siku moja ujumbe wa simu uliomtaka afike kwa daktari wa macho saa 8:00. Naye, akiisoma saa ile kama alivyofundishwa kuisoma tangu utotoni, akaoga, akala chakula cha mchana mapema, akavaa buibui lake la safari, na saa nane kamili, jua likiwa limekwisha kupinduka, akafika mlangoni na kumkuta mfagizi peke yake akipiga deki ukumbi mtupu. Daktari alikuwa amekuja saa mbili asubuhi na kuondoka saa sita. Hapana aliyesema uongo katika jambo hili, wala hapana aliyezembea. Ujumbe ule uliandikwa na kompyuta, na kompyuta huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane. Bibi huanza kuhesabu zake jua linapochomoza, na kwetu sisi tulio karibu na ikweta, ambako jua halina tabia ya kuchelewa wala kuwahi sana mwaka mzima, hesabu yake ina maana kuliko ile ya pili. Baina ya hesabu hizo mbili pana mwanya wa saa sita, na ndani ya mwanya huo ndimo ilimotumbukia miadi ya bibi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu vijana wengi, na hata wastaafu wenzangu, huniuliza waanzie wapi wanapotamani kutengeneza programu za simu; na aghalabu mwenye kuuliza huwa amekwisha kuamua kwamba programu yake ya kwanza itakuwa soko la taifa zima, au mtandao wa marafiki utakaowapokonya wakubwa wa California wateja wao. Sina nia ya kumvunja mtu moyo, lakini sijapata kumwona aliyefika huko kwa kuanzia huko. Mimi nilifundisha hisabati miaka thelathini, na sikuandika hata mstari mmoja wa programu mpaka nilipokuwa nimekwisha kuiweka chaki chini. Kilichonifungulia mlango ni buibui lile lililorudi nyumbani na vumbi la bure. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu aandike saa ya kompyuta, naye aambiwe saa yetu. Lilikuwa jambo dogo, la kweli, tena nililolijua barabara. Au nilidhani nalijua.

Mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kuandika programu huko Dar es Salaam, alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sasa mjomba, wewe huigeuza vipi saa moja kuwa nyingine?" Nikamjibu kwamba hilo si la kuuliza, mtu anajua tu. Akacheka. "Simu haijui tu, mjomba. Iandikie kwanza kwenye karatasi, kama unamwachia maagizo mgeni ambaye hata jiko hajui liko wapi." Basi kwa siku mbili kompyuta haikuwashwa, nami nilikaa barazani na daftari na kalamu, nikiandika na kufuta. Tangu hapo humwambia kila mwanagenzi asiguse kibodi kabla hajaweza kuyaandika makusudio yake kwa lugha yake mwenyewe, hatua baada ya hatua, hata mtoto wa darasa la nne aweze kuzifuata na kupata jibu. Mpango wa namna hiyo wataalamu huuita algoriti, na neno lenyewe limetokana na jina la Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake cha hesabu kilipofasiriwa kwa Kilatini jina lake lilipindwa likawa Algoritmi. Na ni katika anwani ya kitabu chake kingine, penye neno al-jabr, ndimo ilimotoka aljebra. Niliifundisha aljebra muda wote ule bila ya kudhani kwamba mzee huyo angenifuata mpaka katika ustaafu wangu.

Baada ya daftari likaja suala la lugha, na hapa ndipo vijana wanapopoteza miezi mizima kwa kubishana ipi ni bora, kama mashabiki wa mpira wasiowahi kugusa mpira. Simu nyingi mikononi mwa watu wetu ni za Android, ambayo ilitoka mwaka 2008 na programu zake zikawa zinaandikwa kwa Java. Mwaka 2017 Google ikaipokea rasmi lugha mpya iitwayo Kotlin, na mwaka 2019 ikaitanguliza mbele ya nyingine. Kotlin ni jina la kisiwa katika Ghuba ya Finland, karibu na St Petersburg, na Java nayo ni kisiwa, kile chenye kahawa mashuhuri, hata sisi watu wa mwambao hatuna sababu ya kuona ugeni. Mwenye kutaka kuziandikia simu za Apple atakutana na Swift, iliyotangazwa mwaka 2014, na atahitaji kompyuta ya kampuni hiyo hiyo, ambayo bei yake si ya mchezo. Iko pia Flutter, yenye kutumia lugha ya Dart, ambayo humwezesha mtu kuandika mara moja na kuzihudumia simu za aina zote mbili. Na yule anayeogopa kuandika kabisa asidharau App Inventor, iliyoanzishwa Google na baadaye kulelewa na chuo cha MIT huko Marekani, ambamo maagizo hupangwa kwa kuunganisha vipande vya rangi kama watoto wanavyopanga vibao. Nimewaona wasichana wa sekondari wakitoka humo na programu inayofanya kazi kabla ya adhuhuri. Ama kuhusu ipi uichague, rai yangu ni moja: chagua ile anayoijua mtu wa karibu nawe ambaye hatachoka kukujibu. Mimi nilichagua Kotlin kwa sababu ya mpwa wangu, wala sijatafuta sababu nyingine.

Karakana ya kazi hii ni Android Studio, nayo hutolewa bure, ila bure hiyo ina gharama zake. Huomba kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache, na kuipakua tu ni zaidi ya gigabaiti moja, kisha ikishafika huagiza vikorokoro vingine kama mgeni anayeulizia chai baada ya kushiba. Kwa hiyo nilinunua kifurushi cha usiku, nikaiacha ishuke hali nimelala. Ndani yake mna simu ya kuigiza, inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta na kujifanya simu ya kweli, lakini kompyuta yangu ilipojaribu kuibeba ilivuma kama mashine ya kusaga na kisha ikaganda. Dawa yake ni waya wa kuchajia. Simu yako mwenyewe ya Android inaweza kuwa uwanja wa majaribio: ingia katika mipangilio, tafuta mahali palipoandikwa habari za simu, uguse namba ya muundo mara saba mfululizo, nayo itakutangazia kwamba sasa wewe ni msanidi programu, kana kwamba imekutunuku shahada; humo katika chaguo za wasanidi utaruhusu utatuzi kwa waya wa USB, na kuanzia hapo kila unachokiandika utakishika mkononi baada ya dakika moja au mbili. Sisahau furaha niliyoipata siku ile kwa kuliona neno "Karibu" peke yake katikati ya kioo cheupe.

Sasa turudi kwenye saa. Daftari langu lilikuwa limefikia kauli hii: ichukue saa ya kompyuta, ambayo hutoka 0 mpaka 23, uiongeze 6, uigawanye kwa 12, na baki ya mgawanyo huo ndiyo saa ya Kiswahili. Saa 8 ya ujumbe wa bibi ukiiongeza 6 hupata 14, na 14 ukiigawanya kwa 12 baki ni 2, nayo ndiyo saa mbili ya asubuhi aliyoikosa. Kwa Kotlin maneno yote hayo huwa mstari mmoja:

val saaYetu = (saa + 6) % 12

Alama ile ya asilimia hapa haina habari na asilimia. Maana yake ni baki. Neno "val" huiarifu simu kwamba tunaipa thamani jina, na jina lenyewe, saaYetu, nimeliunda mimi. Naomba kutua hapa kidogo, kwa kuwa naona wanafunzi wengi wakiyaita mambo yao x na y na data1 na data2, au wakitafuta majina ya Kiingereza wasiyoyaelewa vizuri. Maneno ya lugha ya kompyuta yenyewe ni machache na hayabadiliki, lakini majina unayoyatoa wewe ni milki yako, na mashine haijali ukiyatoa kwa Kiswahili. Wiki tatu baadaye, utakapofungua kazi yako na kuiona kama iliyoandikwa na mtu mwingine, jina kama saaYetu litakueleza kilichokuwa moyoni mwako. Ukitarajia kufanya kazi na watu wa mataifa mengine, hilo ni shauri jingine, lakini anayejifunza kutembea hana haja ya kutembea kwa viatu vya kuazima.

Mstari ule ulinipa kiburi, na kiburi chenyewe kilidumu mpaka magharibi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nasi tumekaa mkekani, tende na uji viko mbele yetu, tukingoja adhana. Nikampa mke wangu simu ili ajionee. Ilisema: saa 0 na dakika 25. Akaitazama, akanirudishia, akasema, "Saa sifuri! Basi leo hatufuturu." Kumi na nane ukiiongeza sita hupata ishirini na nne, na ishirini na nne ukiigawanya kwa kumi na mbili hakuna baki. Hisabati ilikuwa sahihi bila ya walakini. Lililokosekana ni desturi, kwamba mahali penye sifuri sisi husema kumi na mbili. Nilipaswa kuweka sharti: kama baki ni 0, basi iandikwe 12. Mambo ya namna hii waandishi wa programu huyaita wadudu, na jina hilo lina kisa chake, kwani tarehe 9 Septemba 1947, katika mashine ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi, wakamtoa na kumbandika kwa utepe wa gundi katika kitabu cha kumbukumbu. Na ijapokuwa wahandisi walikuwa wakilitumia neno hilo kwa hitilafu za mashine tangu zamani, nondo yule ndiye aliyelipatia umaarufu.

Mdudu wa pili alinisumbua zaidi. Saa peke yake haitoshi, kwani hatusemi saa mbili tu, tunasema saa mbili asubuhi au saa mbili usiku, hivyo ikanibidi niiambie simu ni lini asubuhi inakoma na mchana unaanza. Niliandika: kama saa imefika 6 au kuzidi, ni asubuhi, la sivyo, kama imefika 12 au kuzidi, ni mchana, la sivyo, kama imefika 16 au kuzidi, ni jioni, nikaendelea hivyo mpaka mwisho. Ikawa saa mbili ya usiku, giza limeshika, na simu inasema saa mbili asubuhi. Haikutoa ujumbe wowote wa kosa, haikulalamika, haikuzimika. Makosa yanayopiga kelele yana huruma, kwa kuwa ujumbe wake hutaja faili na namba ya mstari, na mwanagenzi mwerevu huusoma kwa makini badala ya kuufunga kwa hofu. Hili lilikuwa kosa la kimya, na la kimya sharti mtu aifuate njia ya simu kwa kidole. Nikaifuata. Saa 20 imefika kwenye sharti la kwanza: je, imefika 6 au kuzidi? Naam, imezidi. Basi ni asubuhi, na safari imekwisha. Masharti mengine yote hayakusomwa kamwe. Simu ilikuwa kama bawabu anayemruhusu mtu kwa swali la kwanza tu. Nikayapindua masharti, nikaanza na kubwa: 19 na zaidi ni usiku, 16 na zaidi ni jioni, 15 ni alasiri, 12 na zaidi ni mchana, 6 na zaidi ni asubuhi, 4 na zaidi ni alfajiri, na zilizobaki ni usiku. Tangu hapo najaribu kila programu mipakani, penye 0 na 5 na 6 na 11 na 12 na 23, kwani wadudu hawakai katikati ya chumba, hukaa pembeni.

Ningependa kusema kwamba mipaka ile niliipata kwa hekima, lakini ukweli ni kwamba niliipata kwa ugomvi. Niliwauliza watu watatu barazani kama saa kumi ni alasiri au jioni, nikapata majibu matatu na hadithi moja ndefu. Na mambo yalizidi nilipotaka kuongeza siku. Kwa wazee wa pwani siku huanza linapozama jua, hivyo usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi; kwa mjukuu wao, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa; na kompyuta haiko upande wa yeyote kati yao, maana huipokea siku mpya saa sita ya usiku. Magazeti yetu yamekwisha kuutatua mushkili huu kwa kuandika usiku wa kuamkia Ijumaa, nami nikayaiga. Na kuna hesabu ya juma. Niliiagiza simu inipe siku ya 3 nikitarajia Jumatatu, kwani tatu imo ndani ya jina, nikaletewa Jumatano. Katika maktaba ya wakati niliyokuwa naitumia, Jumatatu ni ya 1, na siku ya 3 ndiyo hiyo ambayo kwetu jina lake husema ni ya tano. Katika lugha nyingine Jumapili ni 0. Sisi na Jumamosi yetu ya kwanza hatukukumbukwa humo, na sina ninayemlaumu.

Hasara yangu kubwa haikutokana na mdudu. Jioni moja umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ikafa, na kazi ya wiki mbili ikafa nayo, kwa kuwa ilikuwa mahali pamoja tu. Mpwa wangu hakunilaumu, alisema tu, "Pole, mjomba. Sasa utajifunza Git." Git ni chombo kilichobuniwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeiasisi Linux, nacho hutunza kila hatua ya kazi pamoja na maneno mafupi ya kueleza kilichobadilishwa, hata ukiharibu leo unaweza kurudi jana; na ukiipeleka nakala katika hazina iliyo kwenye intaneti, umeme ukatike utakavyo. Ningelikuwa na amri, ningelimfundisha mwanafunzi Git siku ya pili, kabla hajawa na kitu cha kupoteza.

Kuichapisha programu katika duka la Google hulipiwa dola 25 za Marekani mara moja tu, ilhali Apple hutoza 99 kila mwaka. Mwenye akaunti mpya ya binafsi hutakiwa kwanza awapate watu wasiopungua 12 watakaoijaribu programu yake siku 14 mfululizo, sharti ambalo vijana hulinung'unikia, lakini mimi lilinifaa, kwa sababu liliniondoa barazani kwangu. Niliwapata: majirani, wanafunzi wa zamani, shangazi aliyeko Muscat. Mmoja akauliza mbona programu ya saa inaomba kusoma majina ya watu wake katika simu. Sikuwa najua, nilikuwa nimenakili kipande cha maagizo kutoka mahali fulani bila ya kukisoma chote. Nikakiondoa siku hiyo hiyo kwa aibu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022, lakini hata pasipo sheria, programu ya kusoma saa haina haki ya kujua jina la shangazi wa mtu.

Yule bibi jirani yetu aliipokea programu bila ya shamrashamra. Alisema herufi ni ndogo, na alisema kweli. Niliziweka kwa kipimo nilichokipenda mimi, badala ya kuziacha zifuate ukubwa ambao mwenye simu ameuchagua. Nikarekebisha. Sasa bibi huandika saa ya ujumbe, hungoja, hutikisa kichwa, na miadi yake ya pili aliiwahi kabla ya daktari mwenyewe kufika.

Juzi alikuja na kaka yake, mvuvi mstaafu, mtu wa maneno machache. Mzee aliishika simu, akaigeuza upande huu na ule, akauliza kama inaweza kusema pia bamvua litaingia lini, kwa ajili ya wajukuu wake wanaovua hivi sasa. Nikavuta daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikamwuliza yeye hulijuaje bamvua linapokaribia.

Akanitazama kwa mshangao.

"Mtu anajua tu, mwalimu," akasema.